Breki za Gari la Kapteni

Gari lile lilifika nyumbani likiwa limeshazeeka, ila lenyewe lilikuwa halijaambiwa. Lilikuwa refu na jeusi, lina viti vya ngozi, na milango yake ilijifunga kwa sauti ya chini kama mtu aliyelelewa akaleleka. Lilikuwa limeshapita mikononi mwa wenye nazo wawili watatu kabla ya kununuliwa na mtoto wa kiume wa nyumba ile, aliyefanya kazi mbali na kurudi kwa nadra. Alilinunua liwe zawadi kwa wazazi wake. Tangu utotoni watu walimwita Tajiri, kwa mzaha, maana alikuwa haishi kuomba; gari lilipofika, mzaha ukaisha na jina likabaki.

Aliyelipokea kwa mikono miwili ni baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapteni. Alikuwa ameendesha mabasi ya masafa marefu tangu ujana wake mpaka kustaafu, na hakuwahi kumwaga abiria hata mmoja. Baada ya kustaafu alikaa barazani akikosoa madereva wanaopita. Gari lilipokuja akaliacha baraza. Akawa na safari: kumpeleka mkewe sokoni, kumpeleka kwa wadogo zake, kufuata gazeti lililouzwa pale pale kwenye kona. Mama alikaa kiti cha mbele kila mara, mkoba mapajani, akitazama mbele kama naye ana kazi ya kufanya.

Binti yao mkubwa ndiye aliyeishi nao. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, akiwa na vyerehani na akili ya kutulia. Alishona mapazia ya nyumba na maofisi, na watu wakamwita Mama Mapazia ingawa hakuwa amejaliwa mtoto. Vyerehani alikuwa ameviweka kwenye banda la gari, kwa kuwa wazazi wake hawakuwa na gari. Lilipokuja, vyerehani vikahamia sebuleni, na tangu siku hiyo wageni walikaribishwa katikati ya majora ya vitambaa. Hakulalamika. Alikuwa na pikapu yake ndogo ya kupelekea kazi kwa wateja, iliyolala uani, na gari la baba yake alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni anayekula sana.

Shida ilianza na mtetemo. Kila Kapteni alipokanyaga breki, usukani ulitetemeka mikononi mwake, na magurudumu ya mbele yakatoa mlio mwembamba uliowafanya mbwa wa jirani wanyanyue vichwa. Kapteni alisema ni barabara. Baadaye akasema ni hali ya hewa. Jirani mmoja aliposema kwamba gari la kitajiri limeanza kulia kama mkokoteni, kesho yake asubuhi Kapteni alimwita binti yake.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "leo endesha wewe twende gereji. Mimi nataka nikae nilisikilize."

Mama Mapazia alishangaa kidogo, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kumwachia mtu usukani. Lakini alichukua ufunguo.

Gereji ilikuwa uwanja wa mchanga mweusi wa mafuta, na fundi wake aliitwa Bubu kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Aliwasalimu, akamwamkia mzee shikamoo, akauliza habari za nyumbani, za afya, za mboga, na huku anauliza gari lilikuwa limeshapanda juu ya jeki na gurudumu la kwanza limeshatoka.

"Haya, dada, sogea uone mwenyewe, usije ukasema fundi kakutungia ugonjwa." Alionyesha kwa bisibisi diski ya mbele, ile sahani ya chuma ambayo pedi huibana ili gari lisimame. Ilipaswa kuwa ya kijivu kote. Hii ilikuwa na mabaka ya rangi ya samawati, kama chuma kilichosahauliwa jikoni, na pembezoni ilikuwa imejenga ukingo unaokwaruza kidole. "Samawati hiyo ni moto. Imeungua ikapinda, ndiyo maana usukani unacheza. Na pedi hizi, tazama, zimebaki kama biskuti aliyokwisha kuilamba mtoto. Mzee, hivi unatembea na mguu juu ya breki?"

"Gari zito," alisema Kapteni.

"Zito kweli. Hili ni nyumba yenye magurudumu." Bubu alihamia nyuma. Pedi za nyuma nazo zilikuwa zimechoka, ila si sana. Kisha akaivua diski yenyewe, na humo ndani mwake ndimo handbreki ilimokaa: vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimevikwa laini, yaani utando mgumu wa kushikia. Bubu alinyamaza. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa tukio.

"Hii sijapata kuiona," alisema hatimaye. "Handbreki haiishi, dada. Unaivuta gari likiwa limeshasimama, itaishaje? Mimi gari linakufa, linachinjwa, linauzwa vipande, na laini za handbreki bado zimo. Hizi zimekwisha mpaka chuma." Alizigeuza geuza. "Hapa lipo jambo moja tu. Mnaondoka bila kuishusha. Mnaburuza gari na handbreki ikiwa juu."

Mama Mapazia alimtazama baba yake, akingoja fundi atiwe adabu. Kapteni aliyemfahamu yeye, dereva ambaye hakuwahi kukubali kosa hata la kumwaga chumvi, angemwambia Bubu kwamba alianza kuendesha kabla baba yake Bubu hajaota ndevu. Lakini Kapteni alikuwa akitazama rundo la matairi chakavu kwenye kona ya uwanja.

"Labda," alisema. "Labda nilisahau."

Jambo hilo lilimkaa Mama Mapazia rohoni kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Walikwenda duka la spea kwa miguu, kwa kuwa lilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Kapteni alitembea polepole, akitazama chini anapokanyaga. Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na nyuma yake rafu zilipanda mpaka darini. Alisikiliza aina ya gari, akaitikia kwa kichwa, akapanga bidhaa juu ya kaunta bila haraka.

"Hizi za kwanza zimetoka kwenye magari yaliyokatwa. Diski za gari lenu lenyewe, orijino, zimetumika. Hizi za pili ni mpya, zina matundu na mifereji, vijana wanazipenda. Hizi za tatu mpya pia, hazina mapambo. Kampuni hii ndiyo iliyokuwa ikitengeneza za kiwandani, ila boksi halina nembo ya gari. Ukitaka boksi lenye nembo ninalo, ndani kitu ni kile kile, utakuwa umenunua boksi."

Kabla hawajajibu, simu ya Mama Mapazia iliita. Alikuwa Tajiri. Kumbe mama yao alishampa habari.

"Dada, weka zile za matundu," alisema. "Rimu za gari lile ziko wazi, diski inaonekana. Ukiweka za kawaida ni kama kumvalisha bwana harusi kandambili."

"Matundu yanasaidia nini?"

"Yanapoza. Na zinapendeza."

Mama Mapazia aliweka simu kifuani akamwuliza mwenye duka. Yule mama alitabasamu kidogo. "Yanapoza kwa anayekimbiza gari mashindano. Kwa mzee wa kwenda sokoni na kurudi, matundu yanakusanya vumbi, na baada ya muda nyufa zinaanza kwenye matundu hayo hayo. Mimi nauza zote. Ila umeniuliza."

"Nimesikia," alisema Tajiri kutoka kifuani kwa dada yake. "Nyie fanyeni mnavyojua. Mimi ni mnunuzi tu." Akakata simu.

Kapteni alikuwa ameshasogea kwenye zile zilizotumika. Alichukua moja, akatumbukiza kidole tunduni katikati ikaning'inia hewani, akaigonga ukingoni kwa ufunguo na kuitegea sikio. Ililia kwa sauti fupi iliyokatika. Akachukua mpya isiyo na mapambo, akaigonga. Mlio wake ulienda mbali kabla ya kufa. Alimpa binti yake ile ya kwanza. Mama Mapazia aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaona ufa mwembamba kama uzi karibu na shimo la nati. Mwenye duka naye akauona. Akaichukua bila kubishana na kuitupa kwenye pipa la vyuma.

Zikabaki pedi. Hapo Mama Mapazia alikuwa kwenye uwanja wake, kwa sababu kazi ya vitambaa ilikuwa imemfundisha kutoamini lebo. Kulikuwa na pedi za kauri, zisizopiga kelele wala kuchafua rimu, na pedi zenye unga wa chuma ndani yake, ambazo hutoa vumbi jeusi lakini hushika vizuri hata zikipata moto. Boksi moja la kauri lilikuwa na bei ya chini ya kumtoa nyoka pangoni. Alilifungua akaangalia maandishi mgongoni mwa pedi. Herufi zilikuwa zimejaa wino upande mmoja na kufifia upande mwingine, kama pindo la kitambaa lililochapwa na mashine iliyochoka.

"Hizi sizitaki," alisema.

"Hata mimi sikukuletea hizo," alisema mwenye duka, "ulizifuata mwenyewe kwenye rafu. Zipo kwa wanaotaka rahisi."

Alichukua pedi zenye chuma, za kampuni ile ile iliyotengeneza diski. Alimweleza baba yake sababu zake: gari ni zito, barabara za mtaani zina mteremko, vumbi linafutika kwa kitambaa, na kelele kidogo si dhambi. Alitarajia ubishi. Kapteni aliitikia kwa kichwa kila alilosema, akaridhia diski mpya za mbele na za nyuma, akaridhia pedi. Lakini ilipofika zamu ya laini za handbreki, alisogea mbele ya kaunta kwa mara ya kwanza.

"Hizo nataka nzuri kuliko zote ulizonazo," alimwambia mwenye duka. "Usinipe za kubahatisha."

"Baba, si ni za kuegeshea tu?"

"Breki ni breki," alisema Kapteni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni Bubu alilileta gari nyumbani mwenyewe. Alikabidhi ufunguo pamoja na maelekezo marefu, ambayo ukiyachuja yalikuwa haya: breki mpya ni kama bibi harusi na mama mkwe, lazima zizoeshwe. Unakwenda mwendo wa wastani, unakanyaga breki kwa kiasi mpaka gari linakaribia kusimama, unaachia, unakwenda tena, unakanyaga tena, mara nyingi, mpaka zitoe harufu ya kuungua, bila kulisimamisha kabisa na bila kuacha mguu juu ya breki. Alijitolea kuifanya kazi hiyo yeye.

"Breki zangu nazizoesha mimi," alisema Kapteni.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akipangusa mikono. Katika maisha yake hakuwahi kuuliza neno juu ya gari, wala la mumewe wala la mtu. "Na handbreki mmeweka?" aliuliza.

"Mpya kabisa, mama," alijibu Bubu. "Ukiivuta, nyumba nzima inasimama."

"Haya," alisema Mama, akarudi jikoni.

Asubuhi Mama Mapazia alipokuwa akitafuta viatu vyake ili amsindikize baba yake, mama yake alimshika mkono akamvuta nyuma ya pazia la korido, pazia alilolishona yeye mwenyewe.

"Leo kiti changu unakaa wewe," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama."

"Usikae ukacheza na simu. Mkono wako uwe karibu na handbreki muda wote. Muda wote, umenisikia?"

"Kwa nini?"

Mama alimtazama kama anapima kitambaa atakachokikata. "Nikikwambia kwa nini, nitakuwa nimemvua nguo baba yako mbele ya mwanawe. Wewe weka mkono pale."

Barabara waliyoichagua ilipita nyuma ya maghala, ndefu, iliyonyooka, ukuta upande mmoja na mtaro upande wa pili. Saa hizo ilikuwa tupu. Kapteni alivaa shati lililopigwa pasi na viatu vyeusi vya kutumbukiza, akakaa nyuma ya usukani kama enzi zake. Mama Mapazia aliweka mkono juu ya handbreki na kujifanya anaupumzisha.

Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Gari lilichukua mwendo, Kapteni akakanyaga breki, usukani ukatulia kimya mikononi mwake. Alitabasamu. Mara ya pili ilikwenda vizuri. Mara ya tatu Mama Mapazia aliona kwamba baba yake anatazama chini kabla ya kukanyaga, mtazamo mfupi, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wenyewe. Mara iliyofuata alitazama tena, na mguu wake ulipapasa kabla ya kutua. Hapo ndipo alipoelewa samawati ya zile diski za zamani. Mguu ule ukishaipata breki ulikuwa hautaki kuiachia, kwa hofu ya kutoipata tena. Na kazi ya leo ilitaka uiachie na kuitafuta upya kila baada ya muda mfupi.

"Baba, zimeshazoea," alisema. "Turudi."

"Bado hazijatoa harufu. Mpaka zitoe harufu."

Aliliendesha tena. Mbele yao geti la ghala moja lilifunguka, na lori likaanza kutoka polepole, pua yake ikikata barabara. Lilikuwa mbali; nafasi ilikuwa tele. Kapteni aliinua mguu wake na kukanyaga.

Injini ikanguruma. Gari likaruka mbele.

"Baba," alisema Mama Mapazia.

Kapteni alikuwa akitazama lori. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, uso wa mtu anayesimamisha gari, na mguu wake ulizidi kukanyaga mafuta kwa imani yote.

Mama Mapazia aliivuta handbreki. Hakuivuta kwa hesabu. Aliivuta kama mtu anavyomvuta mtoto ukingoni mwa kisima. Nyuma ya gari iliteleza kuelekea mtaroni, matairi yakalia, na kwa mkono wa pili aliisukuma gia mpaka injini ikapiga kelele bure, haivuti kitu. Gari lilisimama mshazari katikati ya barabara. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani, akawatazama, akaona mzee na mwanamke waliokaa kimya. Aliinua mkono, akazungusha lori lake, akaenda zake.

Kapteni alikuwa bado anakanyaga. Mama Mapazia aliinama akazima gari. Ndipo alipokiona kiatu. Kiatu cha kulia cha baba yake kilikuwa kimevuka, kimelala ubavu chini ya breki, na mguu wake wenye soksi ya kijivu ulikuwa juu ya mafuta. Alikiokota akamwonyesha.

Kapteni alikitazama kiatu, akautazama mguu, kisha kiatu tena.

"Kimevuka saa ngapi?"

"Sijui, baba."

"Hata mimi sijui," alisema.

Mlinzi wa ghala alifunga geti. Baada ya muda Kapteni alianza kusema, akitazama mbele, kwa sauti ile ile aliyozoea kuwatangazia abiria kwamba basi litachelewa. Mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi tangu mwaka uliopita, kwanza vidole, halafu unyayo. Alidhani ni uzee. Hakwenda hospitali kwa sababu alijua watakachomwambia kuhusu kuendesha. Siku ya kwanza mguu ulipoikosa breki, walikuwa karibu na kivuko cha wanafunzi, na Mama ndiye aliyevuta handbreki. Kesho yake alipanda akakaa kiti kile kile, akaweka mkoba mapajani, na mkono mmoja chini ya mkoba. Tangu siku hiyo hakuna safari aliyomwachia aende peke yake.

"Anaivuta mara ngapi?"

"Hapo nyuma mara moja moja. Siku hizi mara nyingi." Alijaribu kuvaa kiatu, akakosea, akajaribu tena kwa kukitazama. "Jana pale gereji niliona aibu. Si aibu ya fundi. Laini zote zile zimeliwa na mama yako, na mimi naitwa Kapteni."

Mama Mapazia alikuwa na maneno mengi, na mengine yalikuwa makali. Aliyameza. Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa baba yake.

"Sogea upande wa pili," alisema. "Breki hazijatoa harufu."

Kapteni akashuka, akishika mlango, na kuzunguka mbele ya gari huku mkono wake ukipita juu ya boneti. Alipokwisha kukaa na kufunga mkanda, alianza kazi.

"Nenda. Ongeza. Sasa kanyaga, usilikamie, kanyaga kama unamwamsha mgonjwa. Achia. Umechelewa kuachia. Nenda tena."

Akamzungusha hivyo barabara nzima, kwenda na kurudi, akifumba macho kila anapokanyaga breki ili asikie vizuri kwa mwili. Mwishowe harufu kali ya kitu kinachoungua iliingia ndani, na Kapteni akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ndiyo. Sasa twende polepole bila kusimama, zipate upepo."

Mama alikuwa nje ya geti walipofika. Aliona nani amekaa wapi. Akamfungulia mumewe mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Kapteni akalikubali.

"Amejua," alisema Kapteni.

"Nilijua atajua."

Ndani, katikati ya majora ya vitambaa, Mama Mapazia aliyatoa aliyokuwa ameyameza. Alimwuliza mama yake alikuwa akifikiria nini. Aliwauliza kama wangeua mtoto wa mtu wangesema nini. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa kwenye kiti cha cherehani.

"Unasema kweli yote," alijibu. "Nilikosea. Ila wewe hukuwahi kukaa na baba yako asiye na safari. Ulikuwa kwa mumeo. Alikuwa akiamka anavaa, anakaa pale barazani, anavua, analala. Alikuwa haongei. Gari lilipokuja akanirudia. Nikaona nikimnyang'anya ufunguo, nitabaki na yule wa barazani. Ndiyo nikavuta handbreki. Na siku hizi nilikuwa naivuta mpaka juu kabisa ndipo inashika. Hata mimi nilikuwa siombi safari ndefu."

Kapteni alikohoa. Mama akamgeukia. "Mficha maradhi..."

"Imalizie kimoyomoyo," alisema Kapteni.

Hospitali walikwenda kwa pikapu ya mapazia, watatu wamebanana mbele. Ilikuwa sukari, tena ya muda mrefu, na ilikuwa imeshaharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Daktari, kijana mpole, alimvua soksi akamwonyesha kidonda chini ya kidole gumba ambacho Kapteni hakujua kama anacho. Alisema wamekiwahi. Alimwandikia dawa, akamweleza chakula na viatu, na alipofika kwenye kuendesha, Kapteni alimkatiza. "Hilo limeshakwisha, daktari. Endelea na mengine."

Tajiri alipopata habari alipiga simu akisema gari liuzwe mara moja, angalau sasa lina breki mpya. Dada yake alikuwa karibu kukubaliana naye. Banda lake angelipata tena. Mama aliomba simu.

"Ulilitoa zawadi au ulituazima?"

"Zawadi, mama, lakini..."

"Zawadi haifungwi kamba ya kuivutia. Gari halitoki. Nitaliendesha mimi."

"Mama, wewe hujui kuendesha."

"Kusimamisha najua," alisema Mama. "Kumebaki kwenda."

Alijifunza kwa mumewe, barabara ile ile ya maghala, kila asubuhi jua kabla halijawa kali. Kapteni alikuwa mwalimu mbaya. Alipiga dashibodi, alinuna, aliapa kwamba hatapanda naye tena, na kesho yake alikuwa wa kwanza kukaa garini. Mama naye alimjibu, jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa alikuwa ameliweka akiba. Mama Mapazia aliwasikia wakirudi wanabishana kuhusu kona fulani, wakaendelea mezani, wakaendelea chumbani. Mtihani wa kwanza Mama aliushindwa kwenye kurudi nyuma. Kapteni hajazungumza na msimamizi wa mtihani ule mpaka leo. Wa pili aliupita.

Safari ndefu ya kwanza ilikuwa ya kumwona mdogo wake Mama, aliyekuwa akiumwa, katika mji wa mbali. Mama Mapazia alikaa kiti cha nyuma na pazia moja la kumalizia mikononi, kwa kuwa mteja hakujali nani anaumwa. Mama aliendesha mwendo wa wastani, mikono yote miwili kwenye usukani. Kapteni alitoa maelekezo mpaka walipotoka nje ya mji, kisha maelekezo yakapungua, yakawa mbali mbali, yakakoma.

Mama Mapazia aliinua macho kutoka kwenye sindano. Baba yake alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Alikumbuka kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumwona amelala ndani ya kitu kinachokwenda, si basi, si treni, si gari la mtu. Alikuwa akisema dereva halali akiwa abiria, maana anamwendeshea mwenzake moyoni.

"Amelala?" aliuliza Mama bila kugeuka.

"Amelala."

"Mwache," alisema Mama. Mbele kulikuwa na mteremko na kona. Alikanyaga breki kidogo, akaachia, na gari likaipita kona ile bila mtu kuamka.